Pembe Inayofichwa: Kukunja Pia, Boksi na Mfuko kwa Karatasi Bapa

Tarehe 8 Agosti 2018 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi: kuiingiza, kuitengeneza, kuiuza na kuitumia. Wafanyabiashara walipewa miezi 18 ya kumaliza akiba zao. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaja kufunga mlango Juni 2019. Tangu hapo, namna ya kugeuza karatasi bapa kuwa chombo chenye tumbo si mchezo wa watoto wa shule peke yao. Inamhusu mwenye kioski anayepima sukari ya nusu kilo, mama mwenye sinia la sambusa, na kijana anayetaka kujipatia faranga kwa kukunja mifuko.

Huko Bwiza, mtaa wa kale wa Bujumbura ambao leo umo ndani ya komini Mukaza, mikono inaujua ufundi huu siku nyingi. Kinachopungua ni hesabu. Mtu anakata karatasi kwa kukisia, mfuko unatoka mdogo kuliko alivyotaka, kitako kinafumuka njiani na nusu ya karatasi inaishia kwenye takataka. Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiwa na rula, penseli, mkasi, gundi na karatasi chache za A4, unaweza kuifuata hapa hatua kwa hatua, na karibu yote inatoka kwenye jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili. Weka nukta katikati ya karatasi. Kuizunguka nukta hiyo kuna nyuzi 360. Maadamu nyuzi zote 360 ziko wazi, karatasi itabaki bapa, au utaiviringisha iwe bomba, lakini haitapata ncha wala kona ya kusimama. Ficha sehemu ya nyuzi hizo, ama kwa kuzikata na kuunganisha kingo, ama kwa kuzikunja na kuzibana nyuma ya ukuta, na papo hapo karatasi inainuka. Kila kona ya boksi, kila ncha ya pakiti, ni mahali ambapo pembe fulani imefichwa. Fundi anayejua ni nyuzi ngapi amezificha na wapi, anajua pia chombo chake kitabeba kiasi gani kabla hajagusa gundi.

Tuanze na pia, lile umbo la kusokota linalobebea karanga, kwa sababu lina nukta moja tu. Chora nusu duara kwenye karatasi, nusu kipenyo chake sm 15, ukate. Hapo umeondoa nyuzi 180. Kutanisha kingo mbili zilizonyooka na utapata pia yenye mdomo wa sm 15 na ubavu wa sm 15. Kanuni ni nyepesi: gawanya pembe uliyobakiza kwa 360, zidisha kwa urefu wa ubavu, na jibu ni nusu kipenyo cha mdomo. Kwa nusu duara, 180 kwa 360 ni nusu, na nusu ya 15 ni 7.5. Pia hiyo inabeba mililita 765 ikijazwa hadi ukingoni.

Sasa chukua nusu duara ileile, uisokote zaidi hadi karatasi ijizungushe mara mbili. Pembe iliyo wazi imebaki nyuzi 90, mdomo umekuwa wa sm 7.5, na ubavu haujabadilika. Kwa macho pia hii inaonekana ndefu, hata imezidi ile ya kwanza kidogo. Inabeba mililita 214. Yaani kwa karatasi ileile na kwa urefu unaokaribiana, mteja amepata chini ya theluthi moja ya karanga. Muuzaji mzoefu anaijua siri hii bila kupita darasani. Mnunuzi naye aijue: ujazo umo kwenye upana wa mdomo, si kwenye urefu. Mdomo ukipungua nusu, karanga hazibaki nusu, zinakaribia kubaki robo, kwa kuwa upana unahesabiwa mara mbili na urefu mara moja.

Boksi lisilo na kifuniko lina kona nne za chini, na kila moja inaficha nyuzi 90. Njia inayojulikana na wengi ni kukata mraba mdogo kwenye kila pembe ya karatasi na kusimamisha kuta. Swali ni mraba huo uwe na ukubwa gani. Ukikata mdogo, boksi linakuwa pana na fupi mno. Ukikata mkubwa, linakuwa refu lakini jembamba. Kwa karatasi ya mraba jibu lililo bora kabisa ni sehemu moja ya sita ya upande. Karatasi ya sm 30 kwa 30 ukate sm 5, na boksi litabeba lita 2 kamili: 20 kwa 20 kwa 5. Kwa A4, ambayo ni sm 21 kwa 29.7, kata sm 4. Utapata mililita 1,128. Jaribu sm 2 na utashuka hadi 874; jaribu sm 6 na utapata 956. Hiyo sm 4 si ladha ya mtu, ni hesabu, na anayetengeneza mamia ya maboksi kwa wiki ataiona tofauti kwenye bei ya karatasi.

Ila mimi nashauri usikate kabisa. Pale pembeni, badala ya kuondoa mraba mdogo, ukunje kwa ulalo wake uwe sikio la pembe tatu, kisha ulilaze sikio hilo kwenye ukuta na kulibana kwa gundi au pini ya stepla. Ujazo ni uleule, kwa sababu pembe uliyoficha ni ileile ya nyuzi 90. Faida iko hapa: karatasi haijakatwa popote kwenye kona. Kona iliyokatwa huvuja hata ukiipaka gundi; kona iliyokunjwa haina pa kuvujia, ila karatasi yenyewe ikilowa. Kwa ndagala waliokaangwa au maandazi yanayotoa mafuta, tofauti hiyo inaonekana kwenye nguo ya mteja.

Wajapani wana boksi lao la kukunja liitwalo masu, ambalo halihitaji mkasi, gundi wala pini. Chukua karatasi ya mraba, ikunje kwa ulalo mmoja na kuifungua, kisha kwa ule mwingine, ili upate kitovu, lete pembe zote nne kwenye kitovu hicho. Bila kufungua, kunja kila upande hadi katikati na kuurudisha, upate alama. Fungua pembe mbili zinazotazamana, simamisha kuta mbili zilizobaki, kisha vuta zile pembe ndefu juu ya kuta za pili na kuzitia ndani hadi ncha zake zikutane sakafuni. Linajifunga lenyewe. Kitako chake ni robo ya ulalo wa karatasi na kimo chake ni nusu ya kitako. Mraba wa sm 21 una ulalo wa sm 29.7, hivyo boksi linakuwa la sm 7.4 kwa 7.4, kimo sm 3.7, na ujazo kama mililita 205.

Linganisha na mraba huohuo uliokunjwa masikio ya sm 3.5: mililita 686. Kwa karatasi ileile masu linabeba chini ya theluthi moja ya hapo kwa ajili ya kujifunga lenyewe, maana sehemu kubwa ya karatasi imekwenda kujificha kwenye kuta mbilimbili na sakafu yenye tabaka kadhaa. Ndiyo maana ni imara sana. Kwa vikuku, hereni na peremende ni zuri. Kwa kuuzia mchele ni hasara.

Sasa mfuko wenye kitako, ambao ndio kazi yenyewe. Mfuko huu una historia ya kesi: Margaret Knight, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko huko Springfield, Marekani, alibuni mashine ya kukunja mifuko yenye kitako bapa, akaibiwa wazo lake, akashtaki, akashinda, na hataza yake ikatolewa mwaka 1871. Mashine yake ilifanya kile ambacho leo tutafanya kwa mkono.

Amua kwanza vipimo vitatu unavyovitaka: upana wa mbele, unene wa ubavu, na kimo. Upande mmoja wa karatasi uwe sawa na upana na ubavu vikijumlishwa, mara mbili, kisha ongeza sm 2 za kupaka gundi. Upande wa pili uwe sawa na kimo, ukiongeza nusu ya ubavu, ukiongeza sm 1. Basi. Karatasi ya A3 ina sm 42 kwa 29.7. Toa 2 za gundi, zimebaki 40. Nusu yake ni 20, nayo unaweza kuigawa upana sm 12 na ubavu sm 8. Kwenye upande mfupi, nusu ya ubavu ni 4, ukiongeza 1 ni 5, na kimo kinabaki sm 24.7. Mfuko huo hujaa kwa lita 2 na zaidi ya robo. Kwa A4, acha sm 1.7 za gundi, upana uwe 9, ubavu 5, kimo 17.5. Ujazo ni mililita 787. Sukari nusu kilo huchukua kama mililita 600, kwa hiyo inaingia na nafasi ya kukunja mdomo inabaki.

Kukunja kwenyewe kunakwenda hivi. Viringisha karatasi, paka gundi ule ukingo, bandika, na uibane iwe bomba lililolala bapa. Acha ikauke, wengi huharibu hapa kwa haraka. Kisha pandisha sehemu ya chini kwa kipimo cha ubavu ukiongeza sm 1: kwa mfuko wa A3 ni sm 9, kwa wa A4 ni sm 6. Kandamiza alama kwa ukucha au mgongo wa kisu. Sasa tia vidole ndani ya kile kipande kilichopanda, fungua tabaka lake la juu ulivute chini hadi lilale. Pembeni, kushoto na kulia, patajitokeza pembe tatu mbili zenye ncha zinazotazama nje. Zilaze vizuri, kila moja kwa nyuzi 45. Umebaki na umbo la pembe sita. Kunja ukingo wa chini kuelekea juu hadi uvuke mstari wa katikati kwa sm 1, paka gundi, shusha ukingo wa juu nao uvuke sm 1, vibandikane. Kitako kimekamilika. Mwisho kunja zile ncha mbili za pembeni ndani na nje ili upate alama, ingiza mkono ndani ya mfuko na uusimamishe. Zile ncha mbili zitapanda zenyewe na kuwa sehemu ya ukuta, na nyuzi zote zilizofichwa za kona nne zimebanwa ndani ya kitako.

Ukitaka mfuko ulale bapa dukani kwa mafungu, lazima mikunjo itii masharti mawili, ambayo yanaitwa kwa majina ya Wajapani Jun Maekawa na Toshikazu Kawasaki. Yajaribu sasa hivi. Kunja karatasi mara moja popote, kisha uikunje tena kwa kuukata mshazari ule mkunjo wa kwanza, halafu uifungue. Utaona mistari minne inakutana kwenye kipeo kimoja. Mitatu itakuwa imekunjika upande mmoja, tuseme kama mlima, na mmoja kama bonde, au kinyume chake. Tofauti ya milima na mabonde kwenye kipeo ni 2 daima. Pima na pembe: zile mbili zinazotazamana zikijumlishwa zinatoa nyuzi 180. Mahali ambapo mfuko wako unatuna na kukataa kulala, tafuta kipeo kilichovunja mojawapo ya masharti hayo. Mara nyingi ni ile pembe ya nyuzi 45 iliyokwenda upande.

Kuna jambo la ajabu hapa. Mwaka 2004 Devin Balkcom, Erik Demaine na Martin Demaine walionyesha kwamba mfuko mrefu wa dukani, kama ungetengenezwa kwa vibati vigumu vyenye bawaba mahali pa mikunjo ya kawaida, usingeweza kulazwa bapa hata kidogo. Unalala kwa kuwa karatasi inapinda kidogo kati ya mkunjo na mkunjo. Mwaka 2011 Weina Wu na Zhong You wa Chuo Kikuu cha Oxford wakatoa mpangilio wa mikunjo ya ziada unaowezesha hata mfuko mgumu kulala. Kwa mkunjaji wa kawaida funzo ni dogo lakini la maana: kadi nene isiyopinda haifai kwa mfuko mrefu. Tumia karatasi laini yenye nguvu, kaki ndiyo bora.

Pakiti ya pembe tatu ni rahisi kuliko mfuko na inasahaulika bure. Wakenya waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 waliinywea maziwa ya Nyayo, mpango wa serikali ulioanza mwaka 1979. Umbo hilo ndilo lililoizindua kampuni ya Tetra Pak huko Lund, Uswidi, mwaka 1951. Kata A4 katikati upate sm 21 kwa 14.8. Viringisha ule upande wa sm 21, sm 1 ikiwa ya gundi, upate bomba ambalo likilala bapa lina upana wa sm 10. Bana mwisho mmoja na uubandike kwa sm 1. Tia karanga. Sasa bana mwisho wa pili, lakini si sambamba na wa kwanza: ukingo wake uwe msalaba na ule wa chini. Kati ya kingo mbili acha sm 8.7, ukate kinachozidi. Unapata umbo lenye nyuso nne za pembe tatu zilizo sawa na linalobeba kama mililita 118. Hiyo 8.7 inatokana na kuzidisha upana kwa 0.866, kwa upana wowote utakaouchagua.

Walimu wa hesabu wanaweza kuishia hapo au kwenda mbele kidogo. Hesabuni nyuzi zilizofichwa. Boksi lililofungwa lina kona 8, kila moja imeficha 90, jumla 720. Pakiti ya maziwa ina ncha 4, kila moja imeficha 180, jumla 720. Mpira wa miguu wa mtindo wa zamani, wenye vipande 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, una kona 60. Kila kona inakutanisha nyuzi 108, 120 na 120, yaani 348, hivyo zimefichika 12. Mara 60 ni 720. Descartes aliliona hilo karne ya 17: umbo lolote lililofungwa lenye nyuso bapa na lisilo na bonde wala tundu katikati lazima lifiche nyuzi 720, wala moja zaidi. Tufe lenyewe haliwezekani kwa karatasi, na Gauss alithibitisha sababu yake mwaka 1827: tufe linadai nyuzi zifichwe kila mahali kwa wakati mmoja, na karatasi inaweza kuzificha kwenye nukta chache tu. Ndiyo maana ukifunga chungwa kwa karatasi inajaa makunyanzi.

Darasa lisilo na rula nalo lina la kujaribu. Kwenye A4, leta upande mfupi ulale juu ya upande mrefu. Mkunjo wa mshazari unaotokea una urefu sawa kabisa na upande mrefu wa karatasi, kwa sababu vipimo vya A vilipangwa hivyo Ujerumani mwaka 1922. Kwenye karatasi ya mraba, weka pembe moja ya chini kwenye katikati ya ukingo wa juu. Kwenye pembe ya juu iliyo upande huohuo itajitokeza pembe tatu ndogo ambayo pande zake ni kama 3, 4 na 5, na ukingo wa chini utaukata upande wa pili wa karatasi kwenye theluthi yake hasa. Ni ugunduzi wa Kazuo Haga, na mwanafunzi wa lise anaweza kuuthibitisha kwa Pythagoras.

Kuhusu karatasi yenyewe. Ina mkondo wa nyuzinyuzi: ichane kidogo pande zote mbili, na upande inaochanika kwa kunyooka ndio mkondo. Mikunjo mirefu ya mfuko ifuate mkondo huo, haitapasuka. Gundi ya unga wa muhogo inatosha: kijiko kimoja cha unga kwa vijiko sita vya maji baridi, koroga, pika hadi iwe nzito na ing'ae. Itumie ndani ya siku moja mbili, kwani huchacha. Chakula chenye mafuta kisiguse wino. Mafuta huunyonya wino wa gazeti hadi kwenye chakula, na Desemba 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India iliwaonya wauzaji waache kabisa kufungia vyakula kwa magazeti. Mfuko wa saruji usitumike kwa chakula hata ukikung'utwa vipi.

Na kabla hujakata bunda zima la kaki, kata karatasi moja ya gazeti kuukuu kwa vipimo ulivyovichagua, ukunje mfuko, utie sukari nusu kilo ikiwa ndani ya pakiti yake, na uubebe kutoka dukani hadi nyumbani. Kitako kikifumuka, ongeza ile sm 1 ya kuvukana iwe 1.5 pande zote mbili na ujaribu tena.